Tope la Mikoko na Kaboni Isiyooza

Mwaka 2011 watafiti waliopima misitu 25 ya mikoko, kutoka visiwa vya Micronesia na Indonesia hadi delta ya Ganges huko Bangladesh, walichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Kwa wastani hektari moja ilibeba tani 1,023 za kaboni. Misitu mingi ya nchi kavu haifiki hata nusu ya kiasi hicho. Kilichoshangaza zaidi ya wingi huo ni mahali kaboni ilipokuwa. Kati ya asilimia 49 na 98 yake haikuwa kwenye shina, tawi wala jani, bali chini, ndani ya tope jeusi lenye kina cha nusu mita hadi zaidi ya mita tatu.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki habari hiyo iligeuza mambo juu chini. Kwa karne nyingi biashara ya mikoko ilikuwa biashara ya shina. Lamu na Rufiji zilipeleka Uarabuni majahazi yaliyosheheni pau, mazio, boriti na nguzo, kila unene na jina lake na bei yake. Kenya ilipopiga marufuku kuuza miti hiyo nje ya nchi mwaka 1982, kilichokuwa kikilindwa bado kilikuwa ni mti. Tope lilikuwa kero ya kukanyaga tu, lisilo na jina sokoni.

Leo tope hilo ndilo linaloitwa hazina, na serikali, wafadhili na makampuni ya nje wanazungumzia kuuza vyeti vya kaboni kwa ajili yake. Kabla ya kufika kwenye fedha, liko swali la msingi ambalo mara nyingi hurukwa: kwa nini kaboni inakaa pale? Majani yanayoanguka kwenye msitu wa milimani huliwa na kuoza, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi hewani katika miaka michache. Jani la mkoko lililozikwa topeni laweza kukaa karne nyingi. Majani hayo mawili hayatofautiani sana. Lile la mkoko likiachwa juu ya udongo mkavu wenye hewa, nalo litaoza.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala zima. Kaboni ya topeni haitunzwi na ugumu wake yenyewe. Inatunzwa na mazingira iliyomo: maji, chumvi, udongo laini wa mfinyanzi, mizizi, na mashapo yanayozidi kuifunika. Mazingira hayo yakivurugika, hata karne tano za akiba zinaanza kuliwa.

Kuoza ni kula. Bakteria na kuvu huvunja mabaki ya mimea ili kupata nguvu, na katika kazi hiyo hakuna kinachowafaa kuliko oksijeni. Lakini oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, karibu mara elfu kumi kuliko inavyosafiri hewani. Katika tope lililojaa maji, bakteria wa juu huimaliza yote ndani ya milimita chache za kwanza. Walio chini hulazimika kutumia vitu vingine kwa zamu: naitreti, manganizi, chuma, na mwishowe salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo tele. Kila hatua huwapa nguvu kidogo kuliko ile iliyotangulia. Harufu ya yai bovu inayompokea mtu anapovuka hori maji yakiwa yamepwa ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotolewa na bakteria wanaotumia salfeti. Ni dalili ya wazi kwamba pale chini oksijeni imekwisha. Bila oksijeni, lignini, ile sehemu inayoupa mti ugumu wake, huvunjika kwa shida kubwa.

Ndiyo maana ratiba ya maji ina uzito. Ukanda wa mikoko, yaani ule mti wenye mizizi ya kupindapinda kama miguu, hufunikwa na maji karibu kila siku. Ukanda wa mchu ulio upande wa nchi kavu mara nyingi hufikiwa na bahari wakati wa bamvua tu, na kati ya bamvua moja na nyingine, siku za maji mafu, udongo wake hukauka na kupasuka. Hewa huingia kwenye nyufa. Kwa kawaida udongo wa huko nyuma una kaboni pungufu kuliko ule wa mbele, ingawa maeneo hayo mawili yako hatua chache kutoka moja hadi jingine.

Chumvi nayo ina kazi ya pili, na kazi hiyo ndiyo inayotenganisha ardhioevu ya pwani na vinamasi vya maji baridi. Katika matete na mafunjo ya kando ya Ziwa Victoria oksijeni pia hukosekana, na mboji pia hurundikana. Lakini huko hakuna salfeti ya kutosha, kwa hiyo jukumu la mwisho la kuvunja mabaki hushikwa na vijidudu vinavyotoa methani, gesi inayopasha joto dunia takriban mara 28 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Penye maji ya bahari, bakteria wa salfeti huwashinda wale wa methani katika kugombea chakula. Tafiti za vinamasi vya pwani zimeonyesha kwamba chumvi inapozidi gramu 18 hivi katika kilo ya maji, methani hupungua sana. Bahari yenyewe ina takriban gramu 35. Methani hupungua, haiishi. Watafiti waliopima mahori ya mikoko ya Australia walikuta kwamba methani inayotoka, ikipigiwa hesabu ya miaka 20, inafuta kwa wastani karibu asilimia 20 ya faida ya kaboni inayozikwa. Anayeuza cheti cha kaboni bila kutaja upande huo wa hesabu anamdanganya mnunuzi.

Kisha kuna kemia ya miti yenyewe, ambayo wazee wa pwani waliijua kwa mikono kabla haijaandikwa maabara. Magome ya mkandaa na ya mkoko yamejaa tanini. Wavuvi waliyachemsha na kuloweka nyavu zao ili zisioze. Wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa hadi Ulaya kudabagha ngozi. Tanini hushikamana na protini na kuzifanya zisiliwe kwa urahisi, na ndivyo ngozi ya ng'ombe inavyogeuka kiatu badala ya kuoza. Topeni mambo ni yale yale. Majani, magome na hasa mizizi huingia ardhini na tanini zake, nazo huvizuia vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kukata mabaki vipandevipande. Kimeng'enya ambacho kingeziondoa tanini hizo kinahitaji oksijeni, na oksijeni haipo. Kizuizi kimoja kinalinda kingine. Wanasayansi walieleza kufungana huko kwa mara ya kwanza katika mboji za Wales mwaka 2001, lakini pwani ya tropiki ina sababu nyingine juu ya hiyo, kwa kuwa mimea yake ina tanini nyingi kuliko mimea mingi.

Mfinyanzi na chuma hufanya kazi nyingine, tena kimyakimya. Mto unapofika deltani na kukutana na maji ya chumvi, chembe zake laini hushikana, huwa nzito na kutua. Juu ya chembe hizo kaboni iliyoyeyuka na mabaki madogomadogo hunata, kama si kwa umeme wa chembe basi kwa kutu ya chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba karibu moja ya tano ya kaboni ya viumbe iliyo kwenye mashapo ya bahari imeshikamana na chuma. Kaboni iliyonata hivyo ni ngumu kufikiwa na bakteria hata ikiwa karibu nao. Ila chuma kina tabia mbili. Oksijeni inapokosekana kwa muda mrefu huyeyuka na kuiachia baadhi ya kaboni iliyoishika. Mzizi unapopitisha hewa kidogo, hurudi kuwa kutu na kuishika tena. Katika ukuta wa kila mzizi wa mkoko mchezo huo unaendelea kila siku, na hakuna mwenye fomula moja ya kuueleza kwa pwani zote.

Si kaboni yote iliyozikwa inatoka kwenye jani lililoanguka. Sehemu kubwa ni mizizi, hasa ile myembamba inayokufa na kubaki palepale ilipoota, ikiwa tayari imezikwa. Sehemu nyingine huletwa na kaa. Katika Ghuba ya Gazi, Kwale, kaa wameonekana wakibeba majani na kuyaingiza mashimoni mwao kabla maji hayajayachukua. Wasingefanya hivyo, mengi yangepelekwa na kupwa kwa maji hadi kwenye nyasi bahari zilizo mbele ya mikoko. Kaa huzika, na kaa huyohuyo anapochimba huingiza hewa chini. Anaongeza akiba na kuila kidogo kwa wakati mmoja.

Akiba hii hukua kwa kupanda. Mashapo hutua, mizizi hujaa, uso wa udongo huinuka, na bahari ikiinuka nayo, nafasi mpya ya kuzika hufunguka. Huko Twin Cays, Belize, mbali na mto wowote mkubwa, mizizi ya mikoko peke yake imejenga mboji yenye kina cha takriban mita 10 katika miaka zaidi ya 7,000, ikifuata bahari hatua kwa hatua. Katika ghuba ya Portlligat nchini Hispania, nyasi bahari aina ya Posidonia zimeacha tabaka zenye mita kadhaa na maelfu ya miaka. Kwa mwaka mmoja, mita ya mraba ya mikoko huzika zaidi ya gramu 150 za kaboni kwa makadirio mengi, na yapo makadirio yanayofika gramu 226. Udongo wa misitu ya nchi kavu huzika gramu 4 au 5.

Tarakimu hizo zinapatikana kwa kazi ngumu na chafu. Mtafiti huchomeka bomba refu lenye upande mmoja wazi, hulizungusha, hulitoa na nguzo ya tope ndani yake, kisha hukata vipande kwa kina, kwa mfano kuanzia sentimita 0 hadi 15, halafu 15 hadi 30, na kuendelea chini. Vipande hukaushwa, hupimwa uzito, na kaboni yake hupimwa. Umri wa tabaka za karibuni husomwa kwa risasi-210, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 22 hivi. Tabaka za zamani husomwa kwa kaboni-14. Wengi huishia mita moja, kwa sababu ya muda na fedha. Ndiyo maana makadirio ya dunia nzima, kama lile linaloweka takriban tani bilioni 6.4 katika mita ya kwanza ya udongo wa mikoko, yanaacha nje chochote kilicho chini zaidi.

Swali gumu zaidi ni la asili ya kaboni hiyo. Baadhi yake ilizaliwa palepale. Nyingine ilitelemka na mto kutoka mashamba na misitu ya bara, au ilisukumwa na bahari. Jani la mlimani lililosafiri hadi deltani lingeweza kuzikwa mahali pengine hata kama mikoko isingekuwepo, na kuihesabia mikoko sifa yake yote ni kuzidisha. Aina za kaboni zenye uzito tofauti kidogo huwasaidia watafiti kutofautisha nyasi bahari na mikoko, na Gazi imekuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa sana kwa njia hiyo.

Sasa tazama kinachotokea mazingira yakivunjwa. Watafiti wa Kenya na Uskoti waliochapisha matokeo yao mwaka 2014 walichagua vipande vidogo vya mikoko ya Gazi, wakaikata miti au kuichuna magome ili ife ikiwa imesimama. Uso wa udongo ulianza kudidimia haraka, na hewa ukaa ikatoka kwa wingi kuliko kwenye vipande ambavyo havikuguswa. Hakuna aliyechimba tope wala kulikausha. Mizizi hai iliyokuwa ikiubeba udongo na kuuongezea nyama ilikufa, ikaanza kuoza, na msitu ukaanza kuzama wenyewe. Jaribio hilo dogo lina uzito kuliko ripoti nyingi nene, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mkataji wa boriti asiyegusa udongo anaugusa.

Kukausha ni kubaya zaidi. Katika delta ya Sacramento na San Joaquin huko California, mboji iliyokaushwa kwa ajili ya kilimo tangu karne ya 19 imeliwa na hewa hadi baadhi ya visiwa viko zaidi ya mita 7 chini ya usawa wa bahari, vikilindwa na kingo. Kwenye mikoko kuna adhabu ya ziada. Salfeti iliyotumiwa na bakteria kwa karne nyingi imegeuka madini ya chuma na salfa, na madini hayo yakikutana na hewa hutoa asidi ya salfuriki. Wachimbaji wa mabwawa ya kamba Asia ya Kusini-Mashariki walijifunza hilo kwa hasara: kamba walikufa, mabwawa yakaachwa, na tope likaendelea kupumua hewa ukaa bila kumnufaisha mtu. Katika miaka ya 1990 ulikuwepo mpango wa kufuga kamba katika maelfu ya hektari za delta ya Rufiji. Wanakijiji wengi waliupinga, nao haukutekelezwa. Kwa kipimo cha kaboni pekee, waliokataa waliitendea dunia jambo kubwa, na stahili yao haijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote.

Rufiji ndipo uchambuzi huu unapogusa zaidi. Ni mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa mikoko katika delta moja ya Afrika Mashariki, takriban hektari 50,000. Upande wa kaskazini, ambako mto umekuwa ukimwaga maji baridi mengi zaidi tangu ulipobadili njia miongo kadhaa iliyopita, wakulima hufyeka mikoko na kulima majaruba ya mpunga. Ni rahisi kuwalaumu kutoka mjini. Lakini mpunga ni chakula cha mwaka huu na kaboni ni ya vitukuu wasiojulikana, na mkulima ana haki ya kuuliza nani anamlipa asubiri. Shamba likiachwa baada ya misimu michache kwa sababu magugu yamezidi au chumvi imerudi, tope lililofunuliwa linakuwa limekwisha kuanza kutoa lilichokuwa limekihifadhi.

Tishio lingine haliko deltani hata kidogo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme wake nchi ilikuwa ikiuhitaji. Hata hivyo bwawa lolote kubwa huzuia mashapo nyuma ya ukuta wake, na delta ni kiumbe cha mashapo. Uzoefu wa mto Zambezi, uliofungwa na bwawa la Kariba tangu 1958 na la Cahora Bassa tangu 1974, unatosha kuwa onyo. Bahari sasa inapanda takriban milimita 4 kwa mwaka duniani, na uchunguzi wa tabaka za kale umeonyesha kwamba mikoko hushindwa kuifuata kasi inapozidi milimita 6 au 7. Mfinyanzi ukipungua, kizingiti hicho huenda kikashuka.

Mashapo yakizidi nayo huua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache, magharibi ya Mombasa, ukaifunika mizizi ya kupumulia, na mamia ya hektari za mikoko zikafa zimesimama. Chanzo kilikuwa mashamba na malisho ya bara yaliyobaki uchi. Anayetaka kutunza kaboni ya pwani inabidi apande juu hadi kwenye chanzo cha mto.

Fedha zimeanza kufika, ingawa kwa kiasi kidogo. Mradi wa Mikoko Pamoja katika vijiji vya Gazi na Makongeni ulianza kuuza kaboni mwaka 2013, ukiwa wa kwanza wa aina yake duniani kusimamiwa na wanajamii. Unalinda hektari 117 na kuuza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato yamekwenda kwenye maji, shule na upandaji, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi wa pili, wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, ulifuata mwaka 2019 kwa hektari 460. Ni kazi ya kuheshimiwa, na wanaoifanya ni watu wa kijijini wanaolinda usiku na mchana.

Lakini weka tarakimu hizo kando ya tope. Chukua, kwa mfano tu, udongo wenye tani 500 za kaboni kwa hektari. Kaboni hiyo ikigeuka hewa ukaa ni zaidi ya tani 1,800. Hata ikitoka robo tu, hektari saba zilizoharibiwa zinatosha kufuta mauzo ya mwaka mzima ya mradi kama Mikoko Pamoja. Kwa upande mwingine, mche uliopandwa leo utachukua miongo mingi kurudisha kiasi hicho ardhini. Kampeni nyingi bado hujigamba kwa idadi ya miche. Mingine hupandwa kwenye tope la chini mno ambako mikoko haikuwahi kuota, na mingine juu ya nyasi bahari zenye akiba yake, ikafa ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi kufungua upya mkondo uliozibwa na barabara au ukuta wa shamba la chumvi, maji yakaingia na kutoka kama zamani, kunarudisha mikoko bila mtu kupanda hata mmoja.

Kwa hiyo kipimo kinachohitajika zaidi pwani hii si cha kuhesabu miti. Ni cha uso wa udongo: nguzo za chuma zinazochomekwa hadi tabaka gumu, ambazo juu yake milimita za kupanda na kushuka husomwa mwaka hadi mwaka. Gazi imewahi kuzitumia. Rufiji inazihitaji sasa, pamoja na takwimu za mashapo yanayopita bwawani, na takwimu hizo zinapaswa kuwa mezani mnunuzi wa kaboni anapokaa na vijiji kuandika mkataba.